Vichupa vya Asubuhi na vya Jioni

4 Februari

Kitinda mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Mama. Sisi ni wazima, ila Mama amegombana na redio yake tangu juzi na hawasemezani. Anasema mtangazaji anameza maneno. Nimemwambia betri zimekwisha, akanijibu kwamba mimi ni mtaalamu wa usingizi, si wa redio. Kuku wameongezeka, mguu wake wa kushoto bado unamsumbua, na anauliza utaoa lini. Swali nimelifikisha, jibu mwenyewe.

Sasa tuje kwenye kazi. Ndani ya sanduku hili la baridi, chini ya barafu, utakuta vichupa kumi vya damu, namba moja hadi kumi. Gari la chanjo linakuja kwetu limejaa na kurudi huko kwako na masanduku matupu. Nimemwomba dereva, naye amekubali kwa sharti kwamba nisimwambie kilichomo. Barua imo kwenye mfuko wa plastiki isije ikalowa.

Naandika yote tangu mwanzo, maana wewe ndiye uliyesema habari hii isizungumzwe kwenye simu, iwe kwenye karatasi. Mganga Mkuu wa hospitali yetu, yule ninayemwita Sawasawa, anataka tuache ganzi ya mgongo. Anasema kila mama anayepasuliwa ili ajifungue alazwe usingizi kamili kama zamani, kwa kuwa kwake yote ni sawasawa: mtoto ametoka, mama amepona, kuna nini tena? Mimi nasema si sawa. Nina miaka ishirini na sita kwenye thieta. Nimesimama kichwani kwa akina mama waliolala fofofo, kisu kikigusa ngozi nikaona mapigo ya moyo yanakwenda mbio. Wa ganzi ya mgongo yuko macho, ananiuliza kama mtoto ana nywele, na moyo wake umetulia. Nilipomweleza hayo Sawasawa alisema, "Hayo ni maneno ya thieta. Niletee namba." Amenipa hadi kikao cha mwisho wa Oktoba. Nisipozileta, sindano za mgongo hazitaagizwa tena.

Namba ziko kwako, kwenye maabara yako. Hiyo homoni ya mfadhaiko mnayoiita kortisoli haijui kudanganya. Mama wa dharura simgusi kwa utafiti. Wale waliopangiwa siku, na wakakubali, wanaokota karatasi kwenye bakuli: nyeupe ni usingizi, ya bluu ni mgongo. Damu naichukua mara tu mtoto anapolia. Nani aliokota nini nimeandika na kufunga kwenye bahasha, utaipata tukifika ishirini, usije ukaanza kunipendelea. Washa mashine zako. Mimi sina wasiwasi hata chembe.

Dada yako


21 Februari

Dada,

Shikamoo, na shikamoo ya Mama umfikishie mkononi. Mimi mzima, maabara nzima, jiko langu ndilo gonjwa, lina jicho moja tu linalowaka. Mwambie Mama nitaoa siku atakayopatana na redio yake.

Vichupa vimefika vikiwa baridi kabisa. Mwenzangu wa zamu alifungua sanduku akidhani tumeletewa samaki, akalifunga haraka bila kunisalimia. Nimevihifadhi, nitavipima vyote ishirini kwa pamoja ili mashine iwe ileile na siku iwe ileile.

Ila Dada, kwenye fomu kuna kisanduku cha saa. Saa damu ilipochukuliwa. Umekiacha kitupu mara kumi. Naomba ukijaze.

Na huo mwandiko wako umekuwa mkubwa siku hizi. Zamani ulikuwa unabana barua nzima kwenye ukurasa mmoja, leo umetumia kurasa tatu kunisalimu. Umebadilisha kalamu?

Kitinda


25 Machi

Kitinda,

Kalamu ni ileile. Na saa ni saa tu, mtoto akilia sina nafasi ya kugeuka kutazama ukutani. Andika lolote humo.

Mama amenuna kwa sababu nilimtilia chumvi kwenye chai. Makopo yenyewe yamefanana, nani asiyekosea? Tangu siku hiyo anaonja kila nikipikacho kwa ncha ya ulimi, tena mbele ya wageni. Na redio wamepatana.

Nakuletea vichupa kumi vilivyobaki pamoja na bahasha. Kazi imekwenda vizuri sana. Akina mama wenyewe wameanza kuomba waokote ile karatasi ya bluu. Mmoja aliokota nyeupe akaniuliza kama anaweza kubadilishana na jirani yake wa kitandani. Nikamwambia hapa si sokoni.

Nilimweleza Mama tunachofanya mimi na wewe. Nilidhani hatajali. Akaweka kikombe chini akaniambia habari ambayo hajawahi kuisema miaka yote hii. Unakumbuka wewe ulitolewa kwa kisu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, nilikaa kwenye benchi la korido na kanga yake mapajani. Walimlaza kwa nusukaputi, akaamka ukiwa umeshaogeshwa. Anasema hakuona kitu wala kusikia kitu, lakini mikono ilimtetemeka siku tatu, ikawa hawezi hata kukushika vizuri. Akasema hivi, "Mimi nililala. Mwili haukulala." Sasa wewe mwenye mashine nenda kaulize damu kama Mama anasema kweli.

Nasubiri ushindi wangu. Nimeshachagua nguo ya kuvaa kwenye kikao.

Dada


14 Aprili

Dada,

Shikamoo. Huku ni kwema. Jiko limepona, mguu wa Mama naomba uukande kwa maji ya moto.

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo nitasema moja kwa moja. Nimepima vyote ishirini mara mbili. Nimefungua bahasha. Waliolala usingizi na waliochomwa mgongo wamekuwa karibu sawa. Na hiyo tofauti ndogo iliyopo iko upande mbaya: wa mgongo ndio waliozidi. Kwa karatasi hii Sawasawa atashinda bila hata kusimama kitini.

Najua umesoma hapo ukaweka barua chini. Ichukue tena. Mimi siamini namba hizi, na siamini kwamba macho yako ya miaka ishirini na sita yalikuwa yanaona uongo. Kuna kitu kimeingia katikati. Nimekagua mashine, nimekagua barafu, nimekagua dawa za kupimia, zote ziko sawa. Kitu pekee nisichokijua ni saa. Vichupa ishirini, visanduku ishirini vitupu.

Halafu, samahani, nimeziweka barua zako mbili mezani. Ukurasa wa kwanza mistari imenyooka. Ukurasa wa mwisho inapanda mlima, na maneno mawili yameandikwa juu ya mengine. Huwa unaanza kuandika saa ngapi, na unamaliza saa ngapi?

Kitinda


29 Aprili

Kitinda,

Barua yako nimeipata. Mama ni mzima.

Sikukutumia vichupa ili unipime mwandiko. Kama mashine yako imeshindwa, sema imeshindwa.

Dada


13 Mei

Dada,

Shikamoo. Haijashindwa.

Nitasubiri.

Kitinda


10 Juni

Kitinda mdogo wangu,

Gari la chanjo limepita mara mbili nikaliacha liondoke bila barua. Dereva akaniuliza kama tumegombana. Nikamwambia wewe huwezi kugombana na mtu aliyekubeba mgongoni hadi ukafikisha miaka minne.

Mama ni mzima, na ndiye aliyenikalisha kuandika. Kumbe chumvi ile haikuisha kwenye chai. Amekuwa akinitazama. Juzi alinyoosha uzi mweupe mbele ya mlango akaniambia nitunge sindano. Sikuweza. Akanipa karatasi na kalamu. Kwa hiyo nakwambia.

Thieta yetu ina dirisha la magharibi. Alasiri jua linashuka na kuingia moja kwa moja. Zamani lilikuwa jua tu. Sasa linanipasukia machoni, taa inakuwa na manyoya, na vyombo vinapotea kwenye mwanga wao wenyewe. Ni mtoto wa jicho, yote mawili. Nimejua tangu mwaka jana. Asubuhi naona vizuri tu, ikipita saa nane naona kwa kubahatisha.

Nawe unajua ganzi ya mgongo inavyotaka. Vidole vinatafuta nafasi kati ya pingili mbili, sindano inaingia, na ikifika mahali pake linatoka tone moja la maji maangavu. Ukiliona, ndipo unaweka dawa. Usipoliona, huweki. Sijawahi kumwekea mama dawa bila kuliona tone, naapa kwa kila kitu. Lakini jioni silioni. Kwa hiyo wote waliookota karatasi ya bluu niliwapanga asubuhi, saa mbili, saa tatu. Wa karatasi nyeupe niliwapanga saa tisa na saa kumi, kwa sababu kwa usingizi nina mashine zinazolia na nina mirija ya kushika kwa mkono. Hizo ndizo saa zako. Niliziacha tupu kwa sababu ningeziandika, mtu yeyote angeuliza kwa nini.

Na kwa nini nisiseme? Kwa sababu Sawasawa angenitoa thieta kesho yake na kuniweka dirisha la kadi. Na kwa sababu ya jambo jingine ambalo usimwambie mtu. Daktari wa macho yuko jengo la pili tu kutoka hapa nilipo. Mimi, niliyewaambia maelfu ya akina mama "usiogope, hutasikia kitu", naogopa kisu.

Nimeona aibu kukuandikia hivi. Sasa umejua.

Dada


24 Juni

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo, na shikamoo ya tatu. Nimesoma barua yako nimesimama, nikaketi, nikasimama tena, nikacheka peke yangu mpaka wa zamu akaja kunitazama.

Sikiliza. Kortisoli haipandi kwa hofu na kisu peke yake. Kwa kila binadamu, mwenye raha na mwenye shida, iko juu asubuhi na inashuka kadiri siku inavyokwenda. Anayeamka ni kama mwili umempigia ngoma, jioni ngoma imelazwa. Wewe umewachukua wa mgongo wakati kila mtu duniani yuko juu, na wa usingizi wakati kila mtu yuko chini, halafu ukaniambia niwalinganishe. Na bado, Dada, bado wa usingizi waliwafikia. Saa kumi jioni, wakati walitakiwa wawe nusu ya wenzao, walikuwa wamepanda mpaka wakawakaribia. Hukushindwa. Umeshinda tangu Machi, ila ushindi wenyewe ulikuwa umefunikwa na saa.

Lakini siwezi kwenda kwa Sawasawa na maelezo. Alisema namba. Tunarudia upya, ishirini wengine. Safari hii kila mama atoe vichupa viwili, kimoja kabla hujamgusa na cha pili mtoto akilia, ili kila mmoja alinganishwe na nafsi yake. Na rangi zote mbili ziingie asubuhi, rangi zote mbili ziingie jioni.

Maana yake umeielewa. Lazima mtu achome mgongo saa kumi jioni na aone lile tone. Hapo kwenu anayejua kuchoma ni mmoja.

Jengo la pili, Dada. Sitaongeza neno. Mama nimemwandikia kwenye karatasi ya pembeni, umsomee, na usiruke mstari.

Kitinda


26 Septemba

Kitinda,

Salamu zangu na za Mama. Kuku mmoja amekufa, wengine wanaendelea. Mama ameanza kumsahihisha mtangazaji kwa sauti, jirani anadhani tuna mgeni. Ile karatasi ya pembeni nilimsomea, nikaruka mstari mmoja, akaniambia nirudie. Sijui aliujuaje.

Ndani utakuta vichupa vya mama namba ishirini na moja hadi arobaini, viwili viwili, saa zimeandikwa zote mpaka dakika. Wa bluu watano asubuhi na watano jioni. Wa nyeupe vivyo hivyo. Bahasha ya majina iko chini, isifunguliwe mpaka umalize.

Kikao ni tarehe thelathini Oktoba. Sina zaidi.

Dada


12 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Kaa chini kwanza, kisha mwite Mama akae karibu.

Waliolala usingizi, wote kumi, homoni ilipanda kati ya kichupa cha kwanza na cha pili. Wote. Kwa wanne imekaribia kuwa mara mbili ya mwanzo. Wa ganzi ya mgongo, saba haikusogea, wawili ilipanda kidogo, na mmoja, tena wa jioni, ilishuka. Huyo sijui ulimwambia nini. Nimepima mara tatu. Nimempa mkuu wangu wa maabara naye apime bila kumwambia chochote, akapata vilevile, akaniuliza hii kazi imefanyika hospitali gani kubwa. Nikamwambia imefanyika kwa dada yangu.

Mwambie Mama damu imeulizwa na imejibu. Alisema kweli. Mtu analala, mwili wake unabaki unapambana peke yake. Ganzi ya mgongo inaziba njia ya habari kabla haijafika, na mwili haupigi kelele kwa sababu haujaambiwa.

Nimekuandalia karatasi moja tu kwa ajili ya kikao, yenye mistari miwili iliyochorwa, mmoja unapanda na mmoja umelala. Hata asiyesoma ataelewa.

Kitu kimoja kimenishinda. Kwenye sanduku kulikuwa na vichupa viwili vya namba arobaini na moja. Kwenye bahasha watu wanaishia arobaini. Nimevipima kwa sababu vilikuwepo. Kichupa cha kwanza kiko juu sana, huyo mtu alikuwa na hofu ya kukimbia na kitasa cha mlango mkononi. Cha pili kimeshuka vizuri kabisa. Ni nani huyo? Mpe pole yangu.

Kitinda


4 Novemba, saa kumi na moja jioni

Kitinda mdogo wangu,

Salamu kutoka kwangu, kwa Mama, na kwa redio. Mama amemsimulia kila aliyepita njia kwamba mwanawe wa mwisho amethibitisha maneno yake kwa mashine. Amesahau kabisa kuuliza utaoa lini, kwa hiyo tumia nafasi hiyo kupumzika.

Kikao kilikuwa Ijumaa. Nilivaa ile nguo niliyoichagua tangu Machi. Niliweka karatasi yako mezani, nikaanza kwa kuwaeleza kosa langu la kwanza, la asubuhi na jioni, na sababu yake, macho na yote. Nilisema mwenyewe kabla hajauliza mtu. Sawasawa akavua miwani, akaivaa tena, akaufuata ule mstari unaopanda kwa kidole chake mpaka mwisho. Akaniuliza hawa wamelala kweli? Nikamwambia fofofo. Akauliza, na mwili ulikuwa unafanya hivi? Nikamwambia kila siku, kwa miaka yote. Akasema mbele ya wote, "Basi si sawa."

Mdogo wangu, nimelisubiri neno hilo kama mtu anayesubiri mtoto alie.

Sindano za mgongo zitaagizwa, na kila mama aliyepangiwa siku ataelezwa njia zote mbili na kuulizwa anataka ipi. Usingizi haufutwi, kuna mama anayevuja damu na kuna asiyefaa kuchomwa mgongo, hao nitawalaza kama kawaida na kuwalaza vizuri zaidi, maana sasa najua mwili wao unanisikiliza. Na dirisha la kadi sikupelekwa. Nimeambiwa nifundishe wawili kuchoma.

Sasa huyo namba arobaini na moja. Pole yako ameipokea. Ni mimi.

Nilikwenda jengo la pili tarehe tatu Julai. Mama alinisindikiza mpaka mlangoni, akanishikia kanga. Muuguzi nilimwomba anitoe damu kabla hawajanigusa na tena wakimaliza, kwa sababu nilitaka nijue ninachowafanyia watu. Waliniwekea matone ya ganzi, nikalala macho kodo chini ya taa. Yule daktari ni mtoto mdogo kuliko wewe. Kabla ya damu ile ya kwanza aliniambia, "Usiogope, mama, hutasikia kitu." Maneno yangu mwenyewe, neno kwa neno, na hayakunisaidia hata kidogo. Kilichonisaidia ni muuguzi aliyenishika kidole gumba asikiachie. Kichupa cha kwanza ni cha maneno yale. Cha pili ni cha kile kidole.

Tangu hapo sisubiri mama aletwe thieta. Nakwenda wodini mapema, nakaa kitandani kwake, namwacha aulize mpaka aishiwe. Wale ishirini wa mwisho wote niliwafanyia hivyo, wa bluu na wa nyeupe sawasawa, usije ukasema nimepunja. Na yule wa jioni aliyeshuka, ulitaka kujua nilimwambia nini. Sikumwambia kitu. Aliniuliza kama naona vizuri, maana jua lilikuwa limejaa dirisha la magharibi. Wakati huohuo lile tone likatoka, moja, safi, limebeba dirisha lote ndani yake. Nikamjibu naona. Nadhani alisikia kwenye sauti yangu kwamba ni kweli.

Jicho la pili ni mwezi ujao. Sindano ya Mama nimeshaitunga uzi, mara ya kwanza tu.

Saa nimeiandika juu kabisa, kama ulivyotaka. Sasa tazama mistari ilivyonyooka.

Dada yako